Masika ya Kumsubiri Goodness

Jumatatu, 3 Machi

Mimi Bernadina wa Buger shule sikuingia hata siku moja. Herufi nilizipata ngumbaru, darasa la watu wazima, mtoto mgongoni, na tangu hapo kazi niliyozipa ni kusoma misale na maandishi ya mifuko ya mbegu. Leo nazipa kazi nyingine. Hili ni daftari la Jiografia la mjukuu wangu Goodness. Amemaliza kidato cha nne na nusu ya daftari ni tupu, sijui alikuwa anafanya nini huko darasani. Naandika kwa sababu nikikaa bure nawaza, na nikiwaza nasonga ugali mbichi.

Jambo lenyewe ni hili. Goodness ameanza kukimbia. Si kukimbia mvua, wala kukimbiza mbuzi. Anaamka saa kumi na moja alfajiri, giza totoro, anavaa viatu, anapanda barabara ya msituni mpaka jiwe la mpaka wa msitu wa Marang, anageuka, anashuka. Yuko mwalimu wa riadha Karatu mjini, anaitwa Sylvesta, ndiye aliyemtia haya maneno. Mwezi wa tano wasichana watashindanishwa, na watatu watachukuliwa kambini Arusha mwaka mzima, walishwe na wafundishwe mbio za kweli. Goodness anataka awe mmoja wa hao watatu. Anataka kama mtu mwenye kiu.

Nimemuuliza, "Na tembo?"

"Aama, tembo saa hizo wameshalala." Aama ni bibi kwa lugha yetu.

Nani alimwambia tembo wanalala? Mahindi yananenepa, msitu uko palepale, na yeye kila siku kabla ya jua anaenda kuugusa kwa mkono. Mama yake anafua mashuka kwenye hoteli ya watalii huko juu Ngorongoro, huja mara moja kwa mwezi. Huyu mtoto ameachiwa mimi. Likimpata jambo nitaulizwa mimi.

Jumanne, 4 Machi

Ametoka. Amerudi. Katikati sikumeza hata mate.

Jumatano, 5 Machi, Majivu

Jana jioni nilificha viatu. Nilivizika ndani ya pipa la mahindi nikalala kwa amani. Alfajiri nikasikia mlango. Amekimbia peku! Amerudi kidole kimepasuka, damu hadi kisigino, na hakuniuliza kitu. Aliosha mguu, akaniamkia vizuri, akaenda kukamua ng'ombe.

Padre alinipaka majivu mimi nikiwa nawaza kidole. Nimevitoa viatu. Nimevikung'uta unga wa mahindi nikaviweka mlangoni. Hakusema asante, nami sikusema samahani. Tumekula.

Ijumaa, 7 Machi

Leo mnada Karatu. Nilisema naenda kununua chumvi ya ng'ombe. Nilienda kumtazama huyo Sylvesta machoni. Mwanamume mwenye akili zake anamtoaje binti wa watu kitandani saa kumi na moja? Nilichukua fimbo ya marehemu mume wangu, ile ya mti mgumu.

Nimemkuta anaziba pancha, ndiyo kazi yake, baiskeli zimempanda hadi kichwani. Mwembamba, miguu kama ya korongo wa bwawani. Nikamsimamia.

"Wewe ndiye Sylvesta?"

"Ndiye, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Unamtaka nini mjukuu wangu?"

Akaweka chini tairi. "Namtaka apate pumzi, bibi."

"Pumzi anayo. Akilala hatulali kwa kelele zake."

Kumbe mke wake yuko nyuma anapepeta mchele. Akacheka hadi ungo ukamtoka. Akaniambia, "Bibi, huyu mwanamume naye anaamka saa kumi na moja kila siku ya Mungu. Mwaka wa kwanza wa ndoa nilimfuata gizani nikamfume na huyo mwanamke wake. Nikamkuta anapanda mlima peke yake anavuta kamasi. Nikarudi kulala."

Sijaridhika. Lakini chai yao niliinywa. Sylvesta amesema mazoezi ya siku moja hayana maana na ya wiki moja hayana maana, mwili haujui kuhesabu, unajua kuzoea tu. Akikosa asubuhi chache, mwili unasahau na kuanza upya. Nimemwambia, na mimi je, moyo wangu utazoea lini? Akasema hajui. Angalau hakudanganya.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua ya kwanza ya maana. Barabara imekuwa sabuni. Amekwenda vilevile.

Jumatatu, 17 Machi

Nimechoka kulala macho wazi. Leo nimevaa mabuti, nimechukua tochi na fimbo, nimemsindikiza hadi kalavati, pale korongo linapopita chini ya barabara. Hapo nikasimama, yeye akaendelea kupanda. Nilisikia viatu vyake vinapungua, vinapungua, mpaka nikabaki na vyura. Nilisali rozari nzima nikaanza nyingine. Aliporudi nilimgombeza kwa kuchelewa.

"Aama, leo nimewahi kuliko jana!"

"Basi jana ulichelewa sana."

Magoti yangu yanawaka moto.

Alhamisi, 20 Machi

Kalavati tena. Nilipumzika njiani mara nyingi kama mzee. Thomasi amenitukana kutoka kwenye lindo lake. Thomasi ni jirani wa chini ya barabara, mjane mwenzangu, shamba lake la mahindi ndilo kubwa kuliko yote upande huu, na usiku analala humo humo shambani, juu ya kile kibanda cha miti, analinda. Mbwa wake wanabweka Goodness akipita, basi amekasirika.

"Mama Bernadina! Mtu anayekimbia bila kufukuzwa ana kasoro!"

"Na mtu anayelala juu ya mti kama kanga ana nini?"

"Ana mahindi!"

Mtu wa nongwa. Hata salamu anakupa kama anakukopesha.

Jumatano, 26 Machi

Tembo walikuja jana, kwa bahati ilikuwa jioni na Goodness yuko ndani. Tuliwatoa kama siku zote. Sisi tuna desturi yetu: anayewaona kwanza anagonga debe, wa ng'ambo ya barabara anajibu, na mwingine, na mwingine. Walio kushoto wanagonga, walio kulia wanagonga, mashamba yote yanakuwa kelele na tembo wanabaki na barabara peke yake. Wanapanda nayo mpaka msituni. Hakuna anayeuliza. Ukisikia debe, mkono wako unagonga kabla ya akili. Usipojibu wanaingia kwako, na kesho yake hakuna wa kukusalimia.

Goodness alisimama mlangoni akiwasikiliza wanavyopita. Nikamwambia, "Hao ndio wamelala?"

Asubuhi ya leo ametoka kama kawaida. Mimi nyuma.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Kalavati. Amerudi.

Alhamisi, 3 Aprili

Mvua. Kalavati. Amerudi. Sikupumzika njiani, nimekuja kugundua nikiwa nimeshafika.

Jumatatu, 7 Aprili

Ukungu mzito, tochi haifiki hata futi chache. Yeye yuko huko ndani. Nilimwita jina nikasikia ukungu unalimeza. Aliporudi alikuwa anacheka, amefika jiwe la mpaka bila kusimama hata mara moja, ile kona kali ameipanda yote. Nilimshika mikono miwili. Inatoka moshi. Uso wake ulikuwa uso nisioujua, wa mtu anayejua aendako. Nikaogopa zaidi.

Alhamisi, 10 Aprili

Naandika ni mchana.

Goti lilivimba jana, na mvua ilipiga usiku kucha. Goodness akaniambia, "Aama, lala. Leo naenda mwenyewe, narudi sasa hivi." Nikalala. Tangu nianze kumsindikiza, hii ndiyo asubuhi ya kwanza sikwenda.

Nikasikia debe la Thomasi. Niliinuka, nikachukua debe langu nyuma ya mlango, nikatoka uani, nikagonga. Niligonga vizuri. Niligonga kama mtu mwenye mahindi. Ng'ambo, nyumbani kwa Modest, wakajibu. Nikawasikia tembo nyuma ya ua wa minyaa, matope yakifyonza miguu yao, wakaingia barabarani, wakaanza kupanda. Nikafurahi. Mungu anajua, nilifurahi. Nikageuka kurudisha debe mahali pake, nikaona kikombe cha uji cha Goodness juu ya jiwe la kusagia. Kimefunikwa. Huwa anakunywa akirudi.

Sijui nilikimbiaje na lile goti. Nilishuka kwa Thomasi nikipita katikati ya mahindi, debe lake likilia juu ya kichwa changu.

"Thomasi! Acha debe!"

"Nani huyo?"

"Mimi Bernadina! Acha debe, Goodness yuko juu barabarani!"

"Mama, wengine bado wako humu kwangu! Wanakula!"

"Waache wale!"

"Niache wale mahindi yangu?"

"Wale! Yote! Nitakulimia mimi kwa meno yangu, acha debe!"

Akagonga mara moja zaidi. Mkono ule, nimesema, unagonga kabla ya akili. Kisha akaliweka chini polepole kama yai, akatoa simu, akampigia Modest. "Nyamaza. Nakuambia nyamaza. Waambie na wa juu wote wanyamaze, mtoto wa mama Bernadina yuko kati. Mahindi gani? Hata mimi ninayo mahindi! Nyamaza!"

Kelele ikazimika nyumba kwa nyumba, upande huu na upande ule, mpaka huko juu. Sijawahi kusikia kimya kama kile Buger. Mvua tu. Kisha tukawasikia wanarudi. Hakuna tena wa kuwasukuma, na mahindi yananukia, kwa nini waende msituni? Wakashuka na barabara, wakamwagika ndani ya shamba la Thomasi. Alinivuta juu ya lindo kwa mkono, mimi na goti langu. Nilitaka kwenda kumtafuta. Akanishika kanga. "Ukienda utawakuta wewe. Kaa."

Tukakaa. Walikula chini yetu. Kila bua lilivunjika kwa sauti yake. Thomasi alisema mara moja tu, kama anayejisemea: "Hao wako upande wa mbaazi." Mimi nilikuwa naomba wale zaidi. Kila bua waliloling'oa nilisema, Bwana, hilo wameling'oa hapa, si kule.

Kulipopambazuka wakaondoka wenyewe kwa njia ya korongo la chini, wameshiba. Na kutoka juu akaja Goodness. Kiatu kimoja. Matope hadi shingoni. Anatembea katikati ya barabara kama mtu aliyetumwa akasahau alichotumwa.

Alikuwa anashuka alipowasikia mbele yake. Akaruka kwenye korongo, akaingia ndani ya kalavati. Maji yalikuwa yanajaa. Wakaja wakasimama juu yake. "Aama," akasema, "zege lilikuwa linatetemeka. Maji yakanifika hapa." Akaonyesha kifua. "Nilisema debe likiendelea hawatatoka barabarani, nami maji yatanizidi."

Nikamwambia palepale barabarani, "Mimi ndiye niliyegonga."

"Nilijua," akasema. "Debe lako nalijua. Lina ufa."

Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana neno hilo halinitoki moyoni.

Ijumaa, 11 Aprili

Hakutoka.

Jumamosi, 12 Aprili

Hakutoka. Ana homa kidogo.

Jumapili, 13 Aprili, Matawi

Homa imeisha. Kanisani alisimama vizuri. Nje, mlango wa gari ulifungwa kwa kishindo akanishika mkono mpaka kucha zikaingia.

Jumanne, 15 Aprili

Hakutoka. Nilidhani nitafurahi. Si ndicho nilichokiomba kwa rozari zangu zote? Yuko ndani, mzima, analala hadi jua linaingia kitandani. Anapika, anafagia, anatazama simu. Mwalimu Sylvesta amepiga, hakupokea. Namtazama anavyokaa, mabega yameshuka kama ya mwanamke aliyezaa mara kumi. Ule uso wa siku ya ukungu sijauona tena. Nilikuwa naogopa tembo watanichukulia mtoto. Sasa naogopa wameshamchukua na kuniachia huyu.

Jumatano, 16 Aprili

Saa kumi na moja macho yamefunguka yenyewe. Mwili umezoea, nao hauulizi kama kuna kazi. Nikavaa mabuti nikaenda kalavati peke yangu. Naogopa, nisidanganye. Kila kichaka kilikuwa tembo. Nikagusa lile zege, nikarudi.

Hakuniuliza nilikuwa wapi.

Ijumaa Kuu, 18 Aprili

Nimekwenda. Nimerudi. Yeye amelala, au anajifanya.

Jumatatu ya Pasaka, 21 Aprili

Mwalimu Sylvesta alikuja na mke wake kwa pikipiki, wameloa. Goodness aliwaandalia chai akakaa kona. Nilidhani atamhutubia. Hakumhutubia. Alimuuliza, "Unaogopa?" Akasema, "Ndiyo, mwalimu." Mwalimu akasema, "Sawa." Walipoondoka nilimfuata hadi nje nikamwambia, sawa ndiyo nini? Ndiyo ualimu wako huo? Akasema, "Bibi, nikimwambia asiogope nitakuwa mwongo, na siku ya mashindano hataniamini." Mwezi mmoja tu umebaki, na kila asubuhi anayolala, mwili unasahau. Hayo ya kusahau hakuyarudia. Nayarudia mimi, usiku na mchana.

Jumanne, 22 Aprili

Thomasi amekuja. Nilipomwona getini amevaa koti nikajua ni yale mahindi. Nusu ya shamba imelala chini, anaweza kwenda kwa mtendaji wa kijiji, na kweli nilimwahidi nitalima. Nikamkaribisha kwa roho juu. Hakukaa.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Huyo mkimbiaji."

Goodness akatoka jikoni, mikono ina unga. "Shikamoo, babu."

"Usinipe shikamoo. Mimi nilikaa juu ya lindo nikasikiliza tembo wanakula mahindi yangu kuanzia kwenye mbaazi mpaka kwenye mchongoma. Nilikaa kimya. Mimi! Unanijua mimi, nimewahi kukaa kimya?"

"Hapana, babu."

"Yaliliwa kwa ajili ya miguu yako hiyo. Sasa naambiwa miguu imelala. Mbwa wangu hawabweki alfajiri, naamka nimechelewa, nadhani nimekufa. Mahindi yangu yaliliwa bure?"

Nilitaka kumpiga kwa mwiko. Mtoto ameumia, anamwambia mambo ya mabua! Lakini nikamwona Goodness. Mdomo ukaanza kumcheza, nikadhani analia. Alikuwa anacheka. Akacheka akalia, vyote pamoja, unga usoni. Thomasi akashtuka, akaanza kurudi nyuma. "Sijasema kitu kibaya," ananiambia mimi. "Nimesema kitu kibaya?"

Nikamwambia akae ale. Amekula sana.

Jumatano, 23 Aprili

Saa kumi na moja tumesimama mlangoni wawili. Hakuweza. Tumerudi ndani.

Alhamisi, 24 Aprili

Hadi getini.

Ijumaa, 25 Aprili

Hadi kalavati, kwa kutembea, ameshika kanga yangu kama alipokuwa mdogo. Mimi ndiye niliyekuwa natangulia kwenye ukungu. Pale juu ya zege alitetemeka mwili mzima. Nilimwambia, "Tetemeka umalize." Hakumaliza, lakini tulisimama.

Jumatatu, 28 Aprili

Thomasi, yule yule, amezunguka kwa majirani jana baada ya misa. Wamekubaliana hivi: alfajiri hakuna wa kugonga debe kabla hajasikia mtoto yuko wapi. Goodness akipita lindo la mtu, mwenye lindo anapaza sauti, "Amepita!" na wa juu yake anapokea, mpaka jiwe la mpaka, na kurudi hivyohivyo. Tembo wakionekana, wanamwita kwanza aingie kwa mtu, ndipo debe. Modest alisema yeye si trafiki. Thomasi akamuuliza kama anataka yeye Thomasi ahamie kulala kwenye lindo lake. Modest amekubali haraka.

Jumanne, 29 Aprili

Amekimbia. Nilibaki kalavati. "Amepita!" ikasema sauti ya Thomasi. "Amepita!" Modest, kwa uvivu. "Amepita," "amepita," ikaenda juu ikawa ndogo kama ya mtoto. Halafu kimya cha kule juu, kirefu, mpaka nikaanza kusaga meno. Kisha sauti ya mbali kabisa, ya kushuka.

Thomasi huyu nilimwita mtu wa nongwa. Ni mtu wa nongwa kweli. Lakini nongwa yake sasa iko upande wetu.

Jumatatu, 5 Mei

Kila asubuhi anatoka. Mvua haimpi nafasi. Anatapika akirudi. Sylvesta amempima kwa saa yake akatikisa kichwa. Amepoteza alichokuwa amekijenga, anakijenga upya, na siku hazitoshi.

Jumanne, 13 Mei

Tembo. Walimwita akaingia kwa Modest, akakaa jikoni kwao mpaka walipopita. Debe likagongwa kwa zamu yake. Nilikuwa kalavati, nikajibanza kwenye mti wa mkangazi nikiwa nimeushika kama mume. Baada ya hapo akatoka jikoni akamalizia kukimbia! Nilimgombeza njia nzima. Anasema, "Aama, si bado kulikuwa na kilima?"

Ule uso umerudi. Nimeuona.

Jumatatu, 19 Mei

Silali. Safari hii si tembo. Je, akikosa? Ameshajitoa mtoto wa watu, ametapika, amerudi kule kwenye zege. Akija wa nne nitamwambia nini? Nimejaribu maneno mengi nikiwa nakamua. Ng'ombe ameyachoka.

Jumamosi, 24 Mei

Karatu. Wasichana walikuwa wengi, miguu kila mahali, wengine wametoka Soitsambu huko Loliondo na wamelala kwa ndugu zao tangu juzi. Yupo mmoja anaitwa Naisenya, mrefu, anatembea kama anaelea. Nikamtazama yule mtoto nikahesabu kwamba nafasi zimebaki mbili. Halafu nikamwona anatafuna kucha kuliko Goodness, nikamhurumia naye. Nilimpa ndizi.

Walianzia uwanjani, wakaenda mpaka njia ya Ganako na kurudi. Kilichonishinda ni kurudi. Walipotokea kwa mbali niligeuka nikatazama ukuta. Thomasi alikuwa amekuja, koti lilelile, nikamwambia, "Niambie wewe, mimi siwezi."

"Yule mrefu ni wa kwanza."

"Goodness?"

"Simwoni."

"Humwoni vipi, huna macho?"

"Kuna wa pili. Siye. Kuna wa tatu. Siye. Ni wa nne, mama. Yuko wa nne."

Ukuta ule una nyufa, nazijua zote.

"Sasa wamefika pale kwenye kilima cha kuingilia," akasema, na sauti yake ikabadilika. "Yule wa tatu anatembea. Mama, anatembea! Goodness hatembei. Goodness anakipanda kile kilima kama..." Akasahau kumalizia. Akaanza kupiga kelele, mzee mzima, "Amepita! Amepita! Amepita!" na watu wakageuka kumtazama yeye badala ya mbio.

Niligeuka. Alikuwa ameshalala kwenye nyasi, na mke wa Sylvesta amemshika kichwa. Wa tatu.

Sylvesta alikuwa anasema na wenye kambi, uso mkavu. Alipopita karibu yangu akasema tu, "Pumzi, bibi." Nikamwambia nilimwambia tangu mwanzo kwamba anayo.

Jumatatu, 2 Juni

Amekwenda. Gari la kambi lilimpokea Karatu. Nilimfungia mahindi ya kukaanga na sabuni. Thomasi alimletea mahindi mabichi, ya upande uliobaki. Goodness akapunga mkono mpaka kona. Mvua zimekata.

Jumatano, 4 Juni

Saa kumi na moja nimeamka. Jana jioni alisema leo ndiyo asubuhi yao ya kwanza ya mbio ndefu, barabara za Arusha, magari, watu nisiowajua. Atapiga akirudi. Nimekaa na simu mapajani. Naiangalia kama ng'ombe anayetaka kuzaa. Jua limetoka. Haijalia. Jua limepanda.

Amepiga. Anapumua kwa nguvu, nimeshindwa kumwelewa mara ya kwanza. Anasema wenzake wanakimbia kama wamekatiwa kamba. Amekuja wa mwisho kabisa, wamemsubiri getini. Anasema, "Aama, hapa mimi si kitu."

Nimemuuliza anaumwa popote. Anasema hapana. Nimemuuliza amekula. Anasema ndiyo.

Nimemwambia, basi kesho amka mapema zaidi.